Abiria wa Nyuma Naye Ana Miguu

Mpenzi msomaji, je, umewahi kushuka kutoka kwenye pikipiki baada ya safari ndefu ukajikuta umesimama kando ya barabara kama mlingoti, huwezi kupiga hatua hata moja? Nauli umelipa, mkoba umeshika, lakini miguu imekataa kutii amri. Mmoja umekufa ganzi, mwingine umekaza misuli. Basi unajifanya kutazama mandhari, kumbe unangoja damu irudi mahali pake.

Kama hayo yamewahi kukupata, mazungumzo yetu ya leo ni yako. Na kama hayajakupata kwa sababu wewe ndiwe unayekaa mbele na kushika usukani, basi ni yako zaidi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kutoka Migori hadi Homa Bay

Hebu tuchukue safari moja ambayo familia nyingi huifanya, hasa wakati wa likizo ya Desemba. Ukitoka mjini Migori kwenda Homa Bay kwa barabara ya lami, unapita Awendo penye kiwanda cha sukari, unafika Rongo, kisha unaiacha barabara kuu iendayo Kisii na kuteremka upande wa ziwa. Safari yote ni zaidi ya kilomita 60. Kwa gari dogo hayo ni matembezi tu. Kwa pikipiki yenye watu wawili na mfuko wa unga, ni kazi ya mwili mzima.

Na hiyo ndiyo njia rahisi. Wako wanaopenda kuwapeleka jamaa zao Thimlich Ohinga, ile ngome ya kale iliyojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, umbali wa kilomita 46 hivi. Ukishaiacha lami na kuingia katika njia za changarawe, kila jiwe ambalo gurudumu linalikanyaga, abiria wa nyuma hulisikia kwenye nyayo kabla ya kulisikia mgongoni.

Tangu karibu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo, chombo hiki kimekuwa gari la familia katika sehemu nyingi za Nyanza. Ndicho kinachompeleka mama mjamzito kliniki, mtoto shuleni, omena sokoni na nyanya kanisani. Ajabu ni kwamba wenye pikipiki hujadiliana sana juu ya injini, mafuta na magurudumu, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali dogo ambalo mama mzee humuuliza dereva pale stejini: “Kijana wangu, mguu wangu nitauweka wapi?”

Jibu analopewa aghalabu ni hili: “Mama, wewe nishike tu, tutafika.”

Kufika watafika. Lakini watafikaje?

Kwa nini miguu hufa ganzi

Kwanza tuelewe ugonjwa, ndipo tutafute dawa.

Ukiitazama pikipiki kwa upande utaona kwamba vikanyagio vya abiria viko juu na nyuma kuliko vya dereva. Havikuwekwa hapo kwa ubaya. Aliyeiunda pikipiki alihitaji kuukwepa mguu wa dereva, bomba la moshi na gurudumu. Lakini matokeo yake ni kwamba goti la abiria hukunjwa mno. Goti likikunjwa sana kwa muda mrefu, mishipa ya nyuma ya goti hubanwa, na ukingo wa kiti hukandamiza paja kwa chini. Hapo ndipo ganzi inapoanzia. Abiria mrefu ndiye anayeumia zaidi, kwani magoti yake hupanda hadi yakawa juu kuliko nyonga.

Sababu ya pili ni mtetemo. Pikipiki zetu nyingi zina injini ya silinda moja, na injini ya namna hiyo hutetema kuliko ile ya silinda kadhaa. Mtetemo huo husafiri kwenye chuma hadi kwenye kikanyagio. Kama mpira wa kikanyagio umechakaa au umeanguka, basi unakanyaga chuma kitupu kinachotetema kutoka Migori hadi Homa Bay.

Sababu ya tatu haijulikani na wengi. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, kikanyagio cha abiria hakikufungwa kwenye fremu, bali kimefungwa kwenye ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma. Gurudumu likipanda jiwe, kikanyagio nacho hupanda. Likitumbukia shimoni, nacho hutumbukia. Kiti kimetulizwa na shoki, lakini miguu haina kitulizo chochote. Ni kama kukaa kwenye kiti cha starehe huku mtu akikupiga nyayo kwa rungu.

Sasa sikiliza jambo lililo muhimu kuliko yote, msomaji wangu. Raha ya miguu ya abiria si anasa. Miguu ndiyo inayomshikilia mtu juu ya pikipiki. Ikikosa mahali pazuri pa kukanyaga, uzito wote hurudi kiunoni na mikononi. Abiria huanza kujisogeza, mara akunjue mguu huu, mara aunyooshe ule. Kila anapojisogeza pikipiki huyumba, na kama wakati huo dereva yuko kwenye kona au anapishana na lori la miwa, kuyumba kidogo kunatosha. Mguu uliokufa ganzi nao hauna habari kwamba umeteleza. Unaweza kuangukia bomba la moto au kuingia gurudumuni kabla mwenyewe hajajua.

Kwa hivyo anayetengeneza mahali pa miguu ya abiria anatengeneza pia usalama wa dereva.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Kabla ya kumwona fundi, fanya vipimo hivi nyumbani. Isimamishe pikipiki kwa stendi yake ya katikati mahali palipo sawa. Dereva akae mbele, abiria akae nyuma na kuweka miguu kwenye vikanyagio. Mtu wa tatu atazame kwa upande.

Kipimo cha kwanza ni goti. Likiwa limekunjika kama kona ya meza, au limefunguka zaidi ya hapo, ni vizuri. Likiwa limepanda juu ya nyonga, nafasi ni ndogo na safari ndefu itamtesa abiria.

Kipimo cha pili ni bomba la moshi. Injini ikiwa baridi, pitisha kiganja chako kati ya mguu wa abiria na bomba. Kikipita kwa urahisi, sawa. Kisipopita, hapo pana jeraha linalongoja siku yake.

Kipimo cha tatu ni kisigino. Abiria arudishe mguu nyuma kidogo, kama afanyavyo mtu aliyechoka. Je, kisigino kinagusa cheni au spoku za gurudumu? Kama kinagusa wakati pikipiki imesimama, kitagusa zaidi ikiwa mbioni.

Ukimaliza, badilishaneni. Wewe dereva kaa nyuma, mwenzako akae mbele, mbaki hivyo kwa dakika 10 mkizungumza. Dakika hizo zitakufundisha mengi kuliko makala haya.

Ukienda kwa fundi

Habari njema ni kwamba mambo mengi hapa hutengenezwa na fundi wa jua kali, na vipande vinavyohitajika ni vidogo. Hata hivyo, nenda ukijua unachokitaka.

Anza na mipira ya vikanyagio. Badilisha iliyochakaa. Kama kikanyagio ni chuma chembamba cha mviringo, fundi anaweza kukuwekea kipana kilicho bapa, ili uzito wa mguu ugawanyike kwenye wayo badala ya kuchoma mahali pamoja.

Pili, angalia sponji ya kiti. Sponji ikididimia, abiria hushuka na magoti hupanda. Kuweka sponji mpya ngumu kiasi, unene wa inchi mbili hivi, humpandisha abiria na kulifungua goti. Usizidishe lakini. Abiria akikaa juu mno pikipiki huwa nzito juu, nayo huyumba inapokata kona au inaposimama.

Tatu, kikanyagio chenyewe kinaweza kuteremshwa na kusogezwa mbele kidogo kwa kipande cha chuma kinachofungwa kwa bolti. Hapa simama imara, msomaji. Mwambie fundi akifunge kwa bolti na nati ngumu, wala asichomelee kiholela kwenye fremu au kwenye mkono wa gurudumu, kwani moto wa kuchomelea unaweza kukidhoofisha chuma kinachobeba maisha yenu. Kikanyagio kibaki kile cha kukunja, ili kikigonga jiwe kikunjike badala ya kuiangusha pikipiki. Na kisisogezwe mbele hadi kisigino cha dereva kikawa kinakanyaga vidole vya abiria.

Nne, usisahau shoki za nyuma. Pikipiki nyingi zina pete ya kuzungusha inayokaza springi. Mtu mmoja akiwa juu, legeza. Wakiwa wawili na mzigo, kaza. Shoki iliyolegea ikibebeshwa watu wawili hudidimia, vikanyagio vikakaribia ardhi na kila shimo likapiga hodi miguuni. Kazi hii haihitaji pesa, ila spana na dakika chache.

Si jambo geni kwetu. Bodaboda zilipoanza kule Busia mpakani katika miaka ya 1960, zilikuwa baiskeli. Kadiri kazi hiyo ilivyoenea Nyanza na Magharibi, mafundi waliigeuza keria kuwa kiti chenye sponji, na wengine wakatia vyuma kando ya gurudumu ili mguu wa abiria usining'inie. Walijua kwamba abiria anayening'iniza miguu hatarudi kesho. Iweje leo, tukiwa na injini, tumsahau?

Huko ng'ambo, pikipiki za safari ndefu zimelichukua jambo hili kwa uzito. Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ina aina za kisasa zinazompa abiria kiti chenye egemeo la mgongo na ubao mpana wa kuweka nyayo. Bei yake si ya mwalimu wala ya mvuvi wa Mbita. Lakini kanuni yake haiuzwi: goti lifunguke, wayo upate mahali papana, na mgongo uwe na pa kuegemea. Hayo fundi wa Rongo anaweza kuyafuata kwa kiasi chake.

Mama, leso na heshima

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulionea haya. Mama zetu na nyanya zetu, aghalabu, hupenda kukaa upande, miguu yote miwili kushoto. Wanafanya hivyo kwa heshima, na heshima si jambo la kuchekwa. Tatizo ni kwamba akikaa hivyo, miguu miwili hugombania kikanyagio kimoja. Mmoja hukanyaga, mwingine huning'inia karibu na gurudumu. Isitoshe, uzito wake wote huwa upande mmoja, na mkono mmoja tu ndio unaoshika kitu cha maana.

India, ambako pikipiki nyingi za bodaboda zetu huundwa, walikabili jambo hili kwa sababu ya vazi la sari. Kanuni zao za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki ya abiria iwe na mahali pa kushika, kikanyagio, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Ndiyo maana pikipiki nyingi za kutoka huko huja na vyuma upande wa kushoto, na nyingine huwa na kibao cha kuwekea miguu. Wengi wetu hukifungua kibao hicho na kukitupa tukisema kinaharibu sura ya pikipiki. Kama chako bado kipo, kiache. Kama kilitupwa, kirudishe.

Uingereza kwa upande wao, sheria ya mwaka 1988 inamtaka abiria akae kama aliyepanda farasi, mguu huku na mguu kule. Na kwa kweli hakuna ukaaji ulio salama kuliko huo. Je, mama atafanyaje na gauni lake? Wapo akina mama waliokwisha kupata jawabu: suruali nyepesi au kaptula ndefu ndani, gauni juu, na leso pana iliyofungwa kiunoni na kufunika mapaja, pindo zake zikiwa zimebanwa chini ya miguu ili zisipepee. Mama anafika akiwa na heshima yake na miguu yake yote miwili. Vijana wa stejini nao wana wajibu wao: kusimama imara, kugeuza uso, na kumpa mama nafasi ya kupanda bila haraka.

Bomba la moshi halina urafiki

Katika pikipiki nyingi tulizo nazo, bomba la moshi liko kulia. Kwa hivyo panda na ushuke kwa kushoto. Ni upande wa mbali na magari na ni upande wa mbali na moto. Anayeshukia kulia kwa haraka huacha ngozi ya ndama ya mguu kwenye bomba. Mwambie fundi aweke kinga ya bati iliyotobolewa juu ya bomba, pale mguu unapokaribia.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, siagi wala unga. Funika kwa kitambaa safi, na jeraha likiwa kubwa au lenye malengelenge, nenda hospitali au zahanati iliyo karibu.

Viatu navyo ni kinga. Slipa huchomoka, na vidole vilivyo wazi havina wa kuvitetea. Vaa viatu vilivyofunika mguu na vyenye kisigino kidogo kinachoshika ukingo wa kikanyagio. Weka katikati ya wayo juu ya kikanyagio, si ncha za vidole, ili kisigino kisianguke kuelekea kwenye cheni.

Miguu midogo

Mzazi, nakuomba usome sehemu hii mara mbili. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hana kinachomshikilia. Miguu yake hufuata inakotaka, na inakotaka ni kwenye spoku. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye gurudumu linalozunguka, kisigino huchanika na pengine mfupa huvunjika, yote kwa kufumba na kufumbua.

Katika jimbo la Queensland kule Australia, mtoto habebwi nyuma ya pikipiki mpaka atimize miaka 8 na miguu yake iwe inafika kwenye vikanyagio. Sisi tunaweza kukitumia kipimo hicho hata bila askari kutusimamia. Kama miguu haifiki, safari hiyo si ya pikipiki. Atembee, apande matatu, au angoje.

Na lile la kubebana watatu wanne? Sheria yetu ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu. Wengine huiona sheria hiyo kama uonevu, lakini hesabu vikanyagio vya abiria. Ni viwili. Abiria wa pili ataweka miguu yake wapi?

Mkiwa njiani

Mzigo ukae kwenye keria, umefungwa vizuri, wala usiwekwe kati ya dereva na abiria wala chini ya miguu. Kila kifurushi kinachoingia katikati hula nafasi ya magoti.

Simameni kabla ya ganzi kuanza, si baada yake. Kwa safari yetu, Rongo ni mahali pazuri. Shuka, tembea hatua 50, zungusha vifundo vya miguu, inuka kwa vidole mara 10, kunywa maji. Dakika tano zinatosha. Ukiwa juu ya pikipiki, chezesha vidole ndani ya viatu na kaza ndama ya mguu kisha ulegeze. Dereva akiona shimo amwambie abiria mapema, naye abiria akanyage kwa nguvu na kujiinua kidogo, miguu ipokee pigo badala ya uti wa mgongo.

Abiria naye asinyamaze. Wengi huvumilia kwa kuona aibu, hasa bibi kwa mumewe, au mzee kwa kijana wa bodaboda. Kumwambia dereva “simama kidogo, mguu umekufa” si ulalamishi. Ni taarifa anayoihitaji kama anavyohitaji kujua mafuta yamebaki kiasi gani.

Basi, msomaji wangu, kama una pikipiki nyumbani, leo ni Jumapili na kazi ni chache. Iweke kwenye stendi, kaa nyuma, na uweke miguu pale unapomwambia mkeo, mumeo au mama yako aiweke. Ukishindwa kukaa hapo dakika 10, usimtume mwenzako akae kilomita 60.

Nakutakia Jumapili njema na safari yenye miguu mizima.